Jinsi ya Kupata Uanachama Wenye Kura katika Shirika la Afya la Waaborijini Australia: Mwongozo Kamili

Kila mwaka ikifika Oktoba na Novemba, mashirika ya afya ya Waaborijini huko Australia huitisha mikutano yao mikuu, na kila mwaka wapo wanaorudi nyumbani na uchungu. Wamefika ukumbini mapema, wamewaleta wazee wao, halafu wanaambiwa mlangoni: jina lako halimo, karibu ukae usikilize, ila hutapiga kura. Wengi wao wametibiwa kwenye kliniki ya shirika hilo tangu utotoni. Mapokezi wanawajua kwa majina, na dereva wa gari la wagonjwa anaijua nyumba yao.

Chanzo karibu kila mara ni hicho hicho: kuwa mgonjwa wa kliniki si kuwa mwanachama wa shirika. Faili la matibabu liko kwa wauguzi. Daftari la wanachama liko kwa katibu wa shirika, na hayo mawili hayasomani. Mkulima anayeuza kahawa yake kwenye chama cha ushirika bila kujiandikisha, mzigo wake utapokelewa na atalipwa, ila siku ya kuchagua viongozi hana sauti. Huku nako ni vivyo hivyo.

Nawaandikia Waswahili wa Australia, kwa sababu swali hili limeshaingia majumbani mwetu. Kuna Mkongomani aliyeoa Mwaborijini, na watoto wao sasa ni vijana. Kuna Mkenya au Mrundi anayefanya kazi ya uuguzi au ya kuhudumia wazee katika mashirika haya, na wagonjwa wanamwomba awasaidie kujaza fomu. Na kuna mama anayetaka binti yake, ambaye baba yake ni mtu wa Visiwa vya Torres Strait, awe na sauti katika shirika linalomtibu.

## Kwanza: kura ni ya nani

Mashirika haya yameundwa ili jamii yenyewe iamue juu ya afya yake. Wanachama wanachagua bodi, bodi inamwajiri mkurugenzi mtendaji, na mkurugenzi anaendesha kliniki. Kwa hiyo katika mashirika mengi kura ni ya Waaborijini na watu wa Visiwa vya Torres Strait, yaani wenyeji wa asili wa Australia, peke yao.

Mume au mke asiye mwenyeji wa asili mara nyingi anatibiwa kwenye kliniki hizo hizo, hasa kama ana watoto wenyeji. Hilo halimpi kura. Ikiwa katiba ya shirika ina nafasi ya mwanachama mshiriki, anaweza kuiomba: kwa kawaida ataalikwa mikutanoni na kupokea taarifa, pengine na kuzungumza, lakini hatapiga kura. Binafsi naona ni haki kabisa. Sisi tuliokuja tukapokelewa, kazi yetu ni kuwasaidia wenye nyumba wapate sauti yao.

Kwa hiyo katika hatua zote zinazofuata, "mwombaji" ni mtu mwenyeji wa asili. Kama mwombaji si wewe, wewe ni msaidizi wake.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Jina kamili la kisheria la shirika, si lile la mtaani.
- Katiba ya shirika, toleo linalotumika sasa.
- Fomu ya kuomba uanachama ya shirika hilo hilo.
- Kitambulisho cha mwombaji chenye jina na tarehe ya kuzaliwa.
- Uthibitisho wa anwani anayoishi: bili ya umeme, mkataba wa pango, au barua kutoka ofisi ya serikali.
- Uthibitisho wa uenyeji wa asili, kama katiba au fomu inaudai.
- Majina ya wanachama wawili wa sasa watakaompendekeza, kama katiba inataka.
- Tarehe ya mkutano mkuu wa mwaka jana. Utaona faida yake katika hatua ya tano.

Kama Kiingereza cha kwenye karatasi kinakusumbua, huduma ya taifa ya ukalimani, TIS, namba 131 450, ina wakalimani wa Kiswahili. Usimtumie mtoto mdogo kutafsiri karatasi zinazogusa ukoo wa mama yake au baba yake. Kuna mambo humo ambayo huenda bado hajaambiwa.

## Hatua ya 1: Pata jina kamili na ujue limesajiliwa wapi

Majina ya mtaani yanapotosha. Alice Springs watu wanasema "Congress" tu, na Darwin wanasema "Danila Dilba". Kwenye karatasi, la pili ni Danila Dilba Biluru Butji Binnilutlum Health Service Aboriginal Corporation. Sydney, kile ambacho wakazi wa Redfern wanakiita "AMS" kimesajiliwa kama Aboriginal Medical Service Cooperative Limited, yaani ni chama cha ushirika.

Usajili una maana kubwa, kwa sababu sheria inayolinda haki za mwombaji inategemea shirika limesajiliwa wapi. Njia zilizozoeleka ni hizi:

Sheria ya CATSI ya mwaka 2006. Hii imetungwa mahsusi kwa mashirika ya wenyeji wa asili na ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2007. Msimamizi wake ni Msajili wa Mashirika ya Wenyeji wa Asili, ofisi inayojulikana kama ORIC. Dalili yake ni maneno "Aboriginal Corporation" au "Torres Strait Islander Corporation" mwishoni mwa jina, pamoja na namba inayoanza na herufi ICN.

Sheria ya makampuni ya taifa. Hapa shirika ni kampuni isiyogawa faida, na msajili wake ni ASIC.

Sheria za majimbo. Hapa shirika ni chama au ushirika uliosajiliwa na jimbo lake.

Hatua nyingi humu nimezieleza kwa kufuata CATSI, kwa kuwa mashirika mengi ya afya yako chini yake na kwa kuwa imeandika haki za mwanachama waziwazi. Kama shirika lako liko kwingine, mpangilio unafanana sana, ila siku na namba utazisoma kwenye katiba yake.

Ingia kwenye daftari la umma la ORIC mtandaoni, andika jina, ufungue ukurasa wa shirika. Ni bure, na katiba imewekwa pale pale. Kama halimo, tafuta kwenye daftari la ACNC, tume inayosimamia mashirika ya hisani Australia. Nalo ni bure, na mara nyingi utaikuta katiba huko.

Umefanikiwa ukiwa na: jina kamili, namba ya usajili, na katiba iliyohifadhiwa kwenye simu yako au iliyochapishwa.

## Hatua ya 2: Soma katiba, lakini si yote

Katiba inaweza kuwa na kurasa arobaini. Usianze ukurasa wa kwanza. Tafuta sehemu inayohusu uanachama, uisome neno kwa neno ukiwa na kalamu mkononi.

Umri. Chini ya CATSI mwanachama lazima awe na angalau miaka 15. Katiba nyingine zimepandisha hadi 18. Wazazi wengi hawajui kwamba kijana wa miaka 16 anaweza kuwa mwanachama kamili, lakini usimpe matumaini kabla hujasoma kifungu. Kugombea ujumbe wa bodi ni jambo jingine: hapo ni miaka 18.

Eneo. Shirika la afya linahudumia eneo fulani, na katiba mara nyingi inataka mwanachama awe anaishi humo. Wakati mwingine eneo limechorwa kwenye ramani mwishoni mwa katiba, wakati mwingine limetajwa kwa majina ya wilaya. Mtu anayetibiwa hapo lakini anaishi ng'ambo ya mpaka anaweza kukosa sifa. Tazama pia kama kuna muda wa kuishi humo unaotakiwa.

Aina za wanachama. Andika kwa usahihi jina la aina yenye kura. Inaweza kuitwa "ordinary member", "full member" au "member" tu. Yenye "associate" kwa kawaida haina kura. Fomu moja inaweza kuwa na visanduku vya aina zote mbili, kimoja chini ya kingine, na wapo wanaotia alama kwenye kisanduku cha chini kwa kudhani ndicho cha watu wa kawaida.

Ada. Mashirika mengi hayatozi kitu. Kama ipo, katiba itaitaja.

Umefanikiwa ukiweza kusema, bila kufungua katiba tena: umri gani, eneo gani, aina gani, na uthibitisho upi unatakiwa.

## Hatua ya 3: Uthibitisho wa uenyeji wa asili

Hapa ndipo mambo yanapochukua muda mrefu zaidi, na ndipo msaidizi anapotakiwa kutuliza mdomo.

Kigezo kinachotumika sana Australia kina sehemu tatu: mtu awe na asili ya Kiaborijini au ya Visiwa vya Torres Strait, ajitambulishe hivyo yeye mwenyewe, na jamii anamoishi au aliyotoka imkubali hivyo. Zote tatu kwa pamoja. Hakuna hesabu ya asilimia ya damu, wala rangi ya ngozi haihusiki. Mtoto ambaye baba yake katoka Bukavu na mama yake ni Mwaborijini ana asili hiyo kikamilifu. Usiulize "nusu" au "robo" popote pale. Maneno hayo yalitumika kuwapanga watu na kuwanyang'anya watoto wao, na wazee wanayakumbuka.

Kinachotakiwa mezani kinatofautiana. Mashirika mengine yanaridhika na mwombaji kutia saini tamko kwenye fomu, hasa kama familia inajulikana. Mengine yanataka hati ya uthibitisho. Hati hiyo hutolewa na shirika la wenyeji wa asili, kama vile baraza la ardhi, na huwa na muhuri na saini, na kwa kawaida hutajwa kikao cha bodi kilichoikubali. Mwombaji ataulizwa: ukoo wako ni upi, watu wako wanatoka nchi gani ya mababu, nani anawajua. Majibu yaandikwe kwa majina ya wazazi, babu na bibi, na mahali walipoishi.

Vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya vifo kutoka ofisi ya usajili ya jimbo husaidia kuonyesha ukoo. Cheti peke yake hakitoshi, kwa kuwa hakisemi kama jamii inamkubali.

Kama ukoo umekatika. Kwa miongo mingi ya karne ya 20 serikali na makanisa waliwatoa watoto wa Kiaborijini mikononi mwa wazazi wao na kuwalea mbali. Mwombaji mwenye umri wa miaka 60 anaweza kuwa hajui jina la kijiji cha mama yake. Zipo huduma za Link-Up, ambazo kazi yake ni kuwatafutia watu hawa familia na kumbukumbu zao, na ipo taasisi ya AIATSIS mjini Canberra yenye kitengo cha historia za familia. Huenda ikachukua miezi, na huenda yakatoka mambo ya kuumiza sana.

Tahadhari kwa mkwe na shemeji. Usimkalishe mama mkwe na kumhoji kama karani wa uhamiaji. Mwachie mwenzako aongee na wazee wake. Kwa Waaborijini wazee huitwa kwa heshima "Aunty" na "Uncle" hata kama si ndugu wa damu, nasi tuliolelewa kuita kila mtu mzima shangazi au mjomba hatuna kisingizio cha kuwaita kwa majina matupu.

Tahadhari ya kisheria. Fomu nyingine inaambatana na tamko la kisheria linalosainiwa mbele ya shahidi anayeruhusiwa, kama vile mfamasia, polisi, muuguzi aliyesajiliwa au JP (mtu aliyeidhinishwa na serikali kushuhudia hati). Kusema uongo kwa makusudi katika tamko hilo chini ya sheria ya taifa ni kosa linaloweza kumfikisha mtu kifungo cha hadi miaka 4. Mtu asiye mwenyeji asishawishiwe na yeyote kusaini "ili kura ziongezeke".

Umefanikiwa ukiwa na hati yenye muhuri au tamko lililosainiwa, pamoja na nakala mbili. Hati halisi isitoke nyumbani. Peleka nakala iliyothibitishwa.

## Hatua ya 4: Jaza fomu kwa mkono wa mwombaji

Maombi lazima yawe ya maandishi. Kumwambia mjumbe wa bodi dukani kwamba "niandike" si maombi, hata kama mjumbe ni binamu yako na amekubali.

Jaza polepole. Sehemu zinazorudisha fomu nyuma ni zile zile:

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho. Kama mtu anajulikana kwa jina jingine, liandikwe nalo mahali pake, kwa sababu kwenye daftari litatafutwa jina la fomu.

Anwani iwe ya nyumba anayolala. Sanduku la posta linafaa kwa kupokea barua tu. Fomu yenye sanduku la posta peke yake haimwonyeshi katibu kama mtu anaishi ndani ya eneo, naye ataiweka pembeni.

Tarehe ya kuzaliwa iandikwe siku, mwezi, mwaka.

Saini iwe ya mwombaji mwenyewe. Usimsainie mke, mume wala mtoto. Kama mzee haoni vizuri, msomee kwa sauti kila swali, aweke alama yake mbele ya shahidi.

Wapendekezaji, kama wanatakiwa, wawe ni wanachama kwa wakati huo. Waulize moja kwa moja: "Jina lako liko kwenye daftari?" Wengi watasema ndiyo kwa kuwa wanatibiwa hapo, na tumeshaona kwamba hilo si jibu.

Kwa mfanyakazi wa shirika: ukiombwa msaada na mgonjwa, mwongoze, lakini usichukue taarifa yoyote kutoka faili lake la matibabu kujazia fomu. Faili ni siri ya mgonjwa na uanachama ni jambo jingine. Mwambie msimamizi wako kwamba unamsaidia, isije ikaonekana wafanyakazi wanakusanya kura.

Umefanikiwa ikiwa fomu haina nafasi tupu, na umepiga picha kurasa zote, mbele na nyuma.

## Hatua ya 5: Peleka mapema, kwa hesabu ya tarehe

Hatua hii ndiyo inayowaangusha wengi kuliko nyingine zote, hata waliojaza kila kitu sawasawa.

Mashirika mengi hufunga mwaka wa fedha tarehe 30 Juni. Chini ya CATSI mkutano mkuu wa mwaka hufanyika ndani ya miezi mitano baada ya hapo, yaani kufikia 30 Novemba. Taarifa ya mkutano hutolewa angalau siku 21 kabla.

Sasa sikiliza vizuri. Mtu akiomba uanachama *baada* ya taarifa ya mkutano kutolewa, jina lake haliingizwi daftarini mpaka mkutano uishe. Hata kama bodi imemkubali. Ndiyo maana yule aliyeona tangazo ukutani kliniki, akakimbilia fomu siku ile ile, hatapiga kura mwaka huo.

Sababu yake ni ya haki. Bila kizuizi hicho, ukoo mmoja ungeweza kuleta watu hamsini wiki ya mwisho na kuipindua bodi nzima, na kesho ukoo mwingine ukafanya hivyo hivyo. Shirika la afya likivutwa hivyo, madaktari wanaondoka na wagonjwa ndio wanaoumia.

Lakini kuomba kabla ya taarifa nako hakutoshi. Bodi lazima ikae iamue, na bodi nyingine zinakutana mara moja kwa miezi miwili. Kwa hiyo hesabu kurudi nyuma. Chukua tarehe ya mkutano wa mwaka jana. Toa siku 21 za taarifa, kisha toa tena wiki mbili za tahadhari. Toa miezi miwili ya kusubiri kikao cha bodi. Kama mkutano wa mwaka jana ulikuwa katikati ya Novemba, utajikuta karibu tarehe 11 Agosti. Ushauri wangu ni kupeleka Februari au Machi, wakati hakuna joto la uchaguzi na maombi yanasomwa bila wasiwasi.

Peleka kwa barua pepe ya katibu au ofisi kuu, si mapokezi ya kliniki. Ukilazimika kuacha mapokezi, omba nakala yako igongwe muhuri wa tarehe. Karatasi iliyoachwa kwenye kaunta kati ya fomu za chanjo na vipeperushi vya kisukari inaweza kukaa hapo wiki nzima.

Umefanikiwa ukiwa na uthibitisho wa kupokelewa wenye tarehe.

## Hatua ya 6: Uamuzi wa bodi

Baada ya mwezi, uliza kwa upole: kikao kijacho cha bodi ni lini, na ombi hili limo kwenye ajenda? Maswali hayo mawili yanatosha.

Bodi ikikubali, utapata barua. Bodi ikikataa, jua kwamba chini ya CATSI inaweza kumkataa hata mtu mwenye sifa zote, lakini lazima imwandikie na itoe sababu. Sababu za maandishi ndizo silaha yako. "Hujathibitisha anwani" au "uthibitisho wa jamii hautoshi" zinarekebishika: kamilisha kilichopungua, uombe tena, utaje barua yao.

Ukinyimwa sababu, au ombi likilala miezi na miezi bila kupelekwa kwenye bodi, andika kwa mwenyekiti kwanza. Asipojibu, wasiliana na ORIC uwaeleze kwa tarehe na nakala. Kwa shirika lililosajiliwa kwingine, nenda kwa msajili wake. ACNC nayo inapokea malalamiko kuhusu uendeshaji wa mashirika ya hisani, lakini haimpi mtu uanachama.

Tahadhari: usipeleke ugomvi huu kwenye Facebook. Jamii hizi ni ndogo na kila mtu ana undugu na mwenzake. Maneno ya mchana mmoja yatamfuata mwombaji miaka, na wewe mkwe utalaumiwa kwa yote.

## Hatua ya 7: Thibitisha jina liko daftarini

Uanachama unaanza jina linapoingizwa kwenye daftari la wanachama, si siku ya kupeleka fomu. Shirika la CATSI linatakiwa kuliingiza ndani ya siku 14 baada ya bodi kukubali, isipokuwa pale lilipozuiwa na mkutano kama tulivyoona.

Mwanachama ana haki ya kuliangalia daftari bila malipo. Aitumie. Aombe miadi, akae na katibu, aone mstari wake kwa macho yake. Aangalie herufi za jina, anwani, tarehe ya kuingia, na aina ya uanachama. Hasa hiyo ya mwisho: mtu aliyewekwa kwenye orodha ya washiriki badala ya wanachama kamili hatagundua mpaka siku ya kura.

Kosa likionekana, aliandikie shirika barua fupi siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 8: Siku ya mkutano

Afike mapema na kitambulisho. Karibu na mlango kutakuwa na meza yenye orodha iliyochapishwa kwa alfabeti. Karani atashusha rula mstari kwa mstari mpaka kwenye jina, mwanachama atasaini mbele yake, na mashirika mengi humpa kadi ya rangi ya kuinua wakati wa kura. Asiyepewa kadi aulize pale pale, si baada ya mkutano kufunguliwa. Chini ya CATSI daftari la wanachama lazima liwepo mkutanoni, kwa hiyo ubishi unaweza kumalizwa hapo hapo mezani.

Kila mwanachama ana kura moja. Maamuzi mengi hupitishwa kwa kuinua mikono, na wanachama wana haki ya kudai kura zihesabiwe rasmi. Azimio maalumu, kama la kubadili katiba, linahitaji angalau asilimia 75 ya kura zilizopigwa.

Asiyeweza kufika aangalie kama katiba inaruhusu mwakilishi wa kura. Katiba nyingi zinaruhusu, zikitaka fomu ifike saa 48 kabla ya mkutano, na mtu mmoja asiwakilishe zaidi ya wanachama watatu. Kwa mzee aliyelazwa hospitali hii ni njia nzuri, mradi aamue mwenyewe.

Anayetaka kugombea bodi asisubiri siku hiyo. Mara nyingi majina yanafungwa wiki kadhaa kabla, kwa fomu nyingine kabisa.

Na wewe uliyemsindikiza: omba ruhusa ya kukaa kama mtazamaji, kaa nyuma, usiinue mkono wakati wa kura hata kwa bahati mbaya. Chai ikifika wahudumie wazee kwanza.

## Hatua ya 9: Kuulinda uanachama

Majina yanafutwa. Kubwa linalofuta ni kuhama bila kutoa taarifa. Chini ya CATSI, mwanachama asiyepatikana kwa miaka 2 mfululizo, baada ya shirika kujaribu kumtafuta angalau mara mbili, anaweza kuondolewa kwa azimio maalumu la mkutano mkuu. Kwa hiyo anwani mpya, simu mpya, barua pepe mpya: shirika liandikiwe. Kubadilisha kwenye mapokezi ya kliniki hakubadilishi daftari.

Aliyehama nje ya eneo anaweza kupoteza sifa. Katika hali hiyo bodi humwandikia kwanza, na anapewa angalau siku 14 za kupinga kwa maandishi. Barua hiyo isifunguliwe mwezi ujao. Kama ni ya makosa, kwa mfano alienda kumuuguza mama yake Cairns kwa miezi mitatu na amerudi, aeleze na aambatishe uthibitisho wa anwani kabla siku hazijaisha.

Uanachama hauhamishwi. Familia ikitoka Alice Springs kwenda kuishi Darwin, ile hati ya uthibitisho itawafaa tena, lakini kura itaombwa upya kwa shirika la huko, kwa fomu ya huko, na siku zake zitahesabiwa kuanzia hapo.